Tambi za Kismayu

Katika mikahawa ya Kisomali ya Eastleigh, mtaa wa Nairobi ambao wenyeji wake huuita Islii, mteja huletewa sahani ya tambi ndefu zenye mchuzi mzito wa nyama, na kando yake ndizi mbivu. Mgeni asiyezoea hucheka. Lakini mtu aliyekulia pwani ya Kismayu, tangu mjini hadi visiwa vya Wabajuni kama Koyama na Kudhaa, hacheki. Huimenya ndizi yake, akaila pamoja na tambi, akashiba na moyo ukatulia.

Wako wanaomdhihaki. Husema, "Hayo ni makombo ya mkoloni, na mwacha mila ni mtumwa." Je, wasema kweli? Natuichunguze sahani yenyewe.

Tuanze na majina. Sisi twasema tambi. Wasomali husema baasto, na mchuzi wake huuita suugo. Maneno hayo yametoka katika Kiitaliano, pasta na sugo; lakini kwa kuwa Kisomali hakina sauti ya p, pasta iligeuka baasto. Vilevile jibini huitwa farmaajo, kutoka formaggio. Hilo ndilo jina la utani la Mohamed Abdullahi Mohamed, aliyekuwa Rais wa Somalia tangu 2017 hadi 2022.

Maneno hayo yaliingiaje? Kwa mkataba wa 1924 Uingereza iliipa Italia nchi ya Jubaland, na mwaka 1925 Waitaliano wakaanza kuitawala Kismayu. Majeshi ya Uingereza yaliuteka mji huo Februari 1941. Waitaliano walirudi 1950 kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, wakakaa mpaka uhuru wa 1960. Kandokando ya mito ya Juba na Shebeli walikuwa na mashamba makubwa ya ndizi za kupeleka Ulaya, na katika miaka ya 1930 wanavijiji walishurutishwa kufanya kazi mashambani. Basi hatuwezi kusema kwamba sahani hii ilikuja kwa wema mtupu. Jasho la watu limo ndani yake.

Lakini je, tambi ni mali ya Waitaliano peke yao? Mwaka 1154 al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, aliandika habari za Trabia, karibu na Palermo katika kisiwa cha Sisilia. Huko zilitengenezwa kwa wingi tambi ziitwazo kwa Kiarabu itriya, zikapakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Na nyanya, ambayo leo ndiyo roho ya mchuzi wa Kiitaliano, haikujulikana Ulaya mpaka ilipoletwa na Wahispania kutoka bara la Amerika katika karne ya 16. Mwitaliano naye aliazima, kisha akapika kwa mkono wake.

Waitaliano maskini nao walihama. Tangu 1880 hadi 1924 zaidi ya milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao kutoka kusini ya Italia. Kwao nyama ilikuwa haba. Marekani waliipata kwa bei nafuu. Basi vitufe vya nyama ya kusaga vikawa vikubwa, vikawekwa juu ya tambi. Hicho ndicho chakula kinachopendwa hata leo katika mikahawa ya kawaida pembezoni mwa miji ya Marekani.

Mpishi wa Kismayu naye alifanya lake. Hukaanga vitunguu na vitunguu saumu, akatia nyama ya mbuzi au ya ng'ombe, nyanya, bizari nyembamba, giligilani, iliki, mdalasini na pilipili manga, akaacha mchuzi uive polepole mpaka uwe mzito. Tambi huchemshwa kwa maji ya chumvi. Viungo hivyo havikuletwa na Mwitaliano. Ni vya biashara ya kale ya Bahari ya Hindi. Na utamu wa ndizi hupunguza ukali wa mchuzi.

Serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, watu wengi wa pwani hiyo walikimbia, wakafika Mombasa, Nairobi, na wengine hata Minneapolis, Marekani. Huko, tambi zilizoachana Italia zimekutana tena kama ndugu wa baba mmoja, moja ina vitufe vya nyama, nyingine ina ndizi. Aliyekimbia hakuweza kubeba nyumba wala mashua, lakini mkono wake wa kupikia aliubeba.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, tusimcheke mtu kwa sahani yake. Utawala uliondoka 1960. Mpishi alibaki na chungu chake. Kukumbuka dhuluma ni wajibu, lakini kumnyima mtu chakula alicholelewa nacho si kulipa kisasi kwa mkoloni. Mila nayo hupikwa, na apikaye ndiye mwenyewe.

Maswali

1. Kwa nini pasta iligeuka baasto?
2. Taja vitu viwili katika sahani hii ambavyo havikuanzia Italia.
3. Je, wakubali kwamba "mila nayo hupikwa"? Toa mfano kutoka jikoni kwenu.