Kukoma hedhi: vitamini husaidia nini?



Wiki hii tuzungumze na akina mama wa miaka 45 hadi 55, umri ambao hedhi huanza kuruka miezi na hatimaye hukoma. Qur'an imewataja waliokoma hedhi katika Surat Talaaq, aya ya 4, na eda yao ikawekewa miezi mitatu. Basi si maradhi, wala si jambo la kuonea haya.

Sababu yake ni kupungua kwa homoni iitwayo estrojeni. Hapo huja joto la ghafla usoni na kifuani, jasho usiku, kukosa usingizi na ukavu sehemu za siri. Wengi hukimbilia vidonge vya vitamini. Niseme wazi: hakuna vitamini inayotibu joto hilo. Vitamini E imejaribiwa, na nafuu yake ni ndogo mno. Vaa nguo nyepesi za pamba unapolala, na hali ikikuzidi nenda hospitali, dawa zipo.

Vitamini D ina kazi nyingine, nayo ni mifupa. Hedhi ikikoma mifupa hudhoofika haraka, na mama akiteleza bafuni huvunjika nyonga. Mwili huhitaji kalsiamu, takriban miligramu 1,200 kwa siku, na vitamini D ili kuifyonza. Kalsiamu utaipata kwenye maziwa, mtindi na dagaa wanaotafunwa na mifupa yao. Vitamini D hutengenezwa jua likigusa ngozi. Mama anayejisitiri asiache stara yake; akae uani pasipo na ajinabi, mikono na miguu wazi, kwa muda mfupi mara kadhaa kwa wiki. (Nyumba nyingi za mjini siku hizi hazina ua. Anayeishi humo amuulize tabibu kuhusu vidonge.) Vitamini A usizidishe, kwani ikizidi hudhuru mifupa hiyo hiyo.

Mama mmoja alinijia akifurahi kwamba vitamini zimemrudishia ujana: damu ilitoka baada ya miaka mitatu! Dada yangu, damu yoyote, hata tone, baada ya mwaka mzima bila hedhi yaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika. Suala la swala na tohara muulize sheikh wako, lakini hospitali usichelewe. Yule mama nilimwandikia rufaa siku ile ile.