Usimpe mbwa aliyepasuliwa tembe zako

Wakazi wengi wa miji wanaofuga mbwa huwapeleka majike wao kwa daktari wa mifugo ili wasizae tena. Daktari hupasua tumbo na kutoa mji wa mimba pamoja na ovari. Mbwa huwa amepewa nusukaputi, kwa hivyo wakati huo hahisi kitu. Maumivu huja dawa ikiisha nguvu, na aghalabu huwa makali katika siku mbili za kwanza, wakati mbwa amesharudi nyumbani.

Kosa la kwanza la wenye mbwa ni kungoja alie. Mbwa anayeumwa huenda asitoe sauti hata kidogo. Mtazame: amekunja mgongo, anatetemeka, anahema ingawa hakuna joto, anaogopa kulala chini, au anakwepa mkono wako. Jike aliyezoea kukimbilia lango ukirudi kazini, na sasa amejificha nyuma ya tangi la maji, usidhani ametulia. Hata hivyo, kuyumbayumba na kulialia usiku ule wa kwanza kwaweza kuletwa na mabaki ya nusukaputi.

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo hufanywa kwa huruma. Mtu huchukua tembe zake za kichwa au mgongo akamtilia mbwa katika chakula. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumletea mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake. Parasetamoli ikizidi kipimo huharibu ini. Hata mbwa mkubwa hasaliimiki. Kabla ya kuondoka kliniki, mwombe daktari dawa ya mbwa, kama vile meloksikamu au kaprofeni, iliyopimwa kwa uzito wake. Mpe pamoja na chakula, kwa siku ulizoambiwa tu. Akitapika, akiharisha au akitoa choo cheusi, acha dawa na umpigie daktari simu. Mweleze pia ikiwa mbwa anatumia prednisoloni, pengine kwa ugonjwa wa ngozi, kwani dawa hizo hazipatani.

Dawa bila mapumziko haifai kitu. Wengi wetu hufuga mbwa kwa ulinzi, na usiku ukiingia humfungulia azunguke ua. Kwa siku 10 hadi 14 jambo hilo lisahau. Bawabu na alinde peke yake. Mlaze ndani, juu ya gunia kavu au blanketi, si kwenye saruji baridi, na umtoe kwa kamba akajisaidie tu. Asioshwe. Avae kola ya plastiki ili asilambe kidonda na kukata nyuzi.

Asubuhi na jioni, inua mdomo wake uangalie ufizi. Ukiwa mweupe, tumbo limevimba na mbwa amelegea, huenda anavuja damu ndani. Mkimbize kwa daktari saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Kwa kawaida maumivu hupungua siku hadi siku. Yakizidi baada ya siku ya tatu, mrudishe kliniki hata kama kidonda chaonekana kikavu.