Kibali na Ridhaa: Wajibu wa Mtafiti wa Fasihi Simulizi kwa Watafitiwa Wake

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada ya juu nchini Tanzania haendi uwandani mikono mitupu. Hubeba barua ya chuo, nayo hupitia ofisi ya mkoa, ya wilaya na ya kata hadi kumfikia mtendaji wa kijiji. Makala hii inajadili swali moja: barua hiyo ikishapokelewa katika kila ofisi, mtafiti amebakiwa na wajibu gani kwa mtu atakayeketi mbele yake na kusimulia? Hoja yetu ni kwamba kibali hutolewa na ofisi, ilhali ridhaa hutolewa na mtu, na ridhaa hiyo haikomei kwenye sahihi.

2.0 Asili ya Kanuni na Mpaka Wake

Kanuni tulizonazo zilitokana na maovu yaliyokwisha kutendwa. Kanuni ya Nuremberg ya mwaka 1947 ilitokana na kesi ya madaktari wa Kinazi. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 nchini Marekani iliandikwa baada ya kufichuliwa, mwaka 1972, utafiti wa Tuskegee, Alabama. Katika utafiti huo, ulioanza mwaka 1932, wanaume weusi 399 wenye kaswende waliachwa bila tiba, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa dawa yake.

Hakuna anayeweza kubeza kanuni hizo. Hata hivyo, zilizaliwa katika mazingira ya tiba, nazo huweka kiwango cha chini ambacho mtafiti hapaswi kushuka. Haziwezi kumweleza yote anayopaswa kutenda.

Kisa cha Wahavasupai wa Arizona kinadhihirisha jambo hili. Kuanzia mwaka 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua damu ya watu wa jamii hiyo, ambao walielewa kuwa kinachotafutwa ni chanzo cha kisukari kilichokuwa kikiwasumbua. Fomu waliyotia sahihi ilikuwa na maneno mapana zaidi. Baadaye damu hiyo ilitumika pia kuchunguza skizofrenia na asili ya jamii yenyewe. Shauri lilimalizika mwaka 2010 kwa suluhu ya dola 700,000 na kurejeshwa kwa damu iliyosalia. Sahihi zilikuwapo, maelewano hayakuwapo.

3.0 Masuala ya Uwandani

3.1 Uzito wa barua. Mtafiti anapofikishwa nyumbani kwa fanani na mtendaji wa kijiji, "ndiyo" anayojibiwa yaweza kuwa ni adabu mbele ya mamlaka tu. Hivyo basi, inampasa arudi siku nyingine peke yake na kuuliza upya. Inampasa pia ajue kusikia katazo lisilotamkwa. Mzee aliyesema "njoo kesho" mara tatu amekwisha kujibu.

3.2 Mwenye mali. Ridhaa ya mtu mmoja haitoshi pale ambapo kinachotolewa si chake peke yake. Nyimbo za unyago, mathalani, huimbwa miongoni mwa waliochezwa. Mwimbaji mmoja akikubali kuzirekodi, mtafiti hana budi kuuliza ni nani wengine wenye kauli juu yake, na ni zipi zisizofaa kuchapishwa kabisa.

3.3 Jina la fanani. Kanuni nyingi hudai jina la mtafitiwa lifichwe. Kwa mgonjwa, huko ni kumhifadhi. Kwa mtunzi wa mashairi, kuandika "Mtoa taarifa Na. 7" chini ya kazi yake ni kumnyang'anya. Hapa utii wa kanuni wenyewe huzaa dhuluma. Wako pia wanaotaka majina yao yafichwe, hasa wanapoimba dhidi ya wakubwa. Uamuzi ni wao, na yafaa waulizwe tena baada ya kusomewa kitakachochapishwa.

3.4 Marejesho. Aghalabu rekodi huhamia chuoni, na tasnifu huandikwa kwa lugha ambayo fanani hasomi. Kumrudishia nakala ya sauti yake na kumsomea unukuzi ni deni, si hisani. Tendo hilo huinufaisha taaluma pia, kwani fanani ndiye hakimu bora wa neno la lahaja lililosikiwa visivyo.

4.0 Pingamizi

Yaweza kudaiwa kwamba masharti haya yatamchelewesha mwanafunzi mwenye fedha na muda haba, na kwamba baadhi ya data itapotea. Ni kweli, itapotea. Lakini data ambayo mwenyewe angeikatalia kama angelielewa haikuwa yetu tangu awali. Aidha, anayelipa gharama ya haraka zetu ni mtafiti ajaye, atakayekuta milango imefungwa.

5.0 Hitimisho

Mwaka 2017, Wasan wa Afrika Kusini walitangaza kanuni zao wenyewe kwa watafiti wote, zilizojengwa juu ya heshima, uaminifu, haki na kujali. Jamii iliyochunguzwa kwa miaka mingi iliona haja ya kuandika yenyewe yale ambayo fomu za vyuo hazikuyatosheleza. Idara zetu zisingoje kuandikiwa. Msimamizi anayemuuliza mwanafunzi wake, "Umepata kibali?", na aongeze swali la pili: "Utarudi lini kwa waliokusimulia, na utawapelekea nini?"