Usidanganywe na Weusi wa Udongo

Wengi wetu hapa Magomeni hudhani kwamba udongo ukiwa mweusi ndio wenye rutuba. Mimi nami nilidhani hivyo, na kosa langu lilimpotezea mama msimu mzima wa mboga. Fedha za mboga hizo ndizo huninunulia madaftari. Naandika ili mwenzangu asilirudie.

Mwaka jana nilichota udongo mweusi bondeni, mahali panapotuama maji, nikaujaza katika matuta yetu. Ulikuwa mwepesi, umejaa nyuzinyuzi za majani yaliyooza nusu. Tukapanda vitunguu na kabichi. Vitunguu vilidumaa vyembamba kama sindano, na kabichi zikageuka manjano.

Mwalimu wetu wa kemia aliposikia aliniambia nimletee udongo huo kidogo. Tuliuloweka katika maji safi, tukachovya karatasi ya litmasi ya buluu. Ikawa nyekundu. Udongo ulikuwa na tindikali.

Sababu yake ni hii. Majani yanayooza ndani ya maji, pasipo hewa ya kutosha, hayaozi yakaisha. Hulundikana na kutoa tindikali. Kipimo cha uchachu, kiitwacho pH, huanzia 0 hadi 14, na 7 ni katikati. Vitunguu na kabichi hupenda kati ya 6 na 7. Udongo ukiwa mchachu sana, mmea hukosa chakula chake, hasa fosforasi na chokaa, hata kama mbolea imetiwa.

Je, tufanyeje? Njia ni mbili: kubadili udongo au kubadili mmea. Chokaa na majivu hupunguza uchachu, lakini udongo wa namna hii huvihitaji kwa wingi, na baada ya muda lazima virudiwe. Ni nafuu kuchagua mmea uuwezao:

1. Magimbi. Huvumilia uchachu na maji pia.
2. Viazi vitamu. Vipandwe juu ya matuta marefu, maji yasivifikie.
3. Mananasi. Hupenda uchachu, lakini huoza mizizi penye maji yaliyotuama.
4. Chai. Hustawi katika pH ya 4.5 hadi 5.5, ila hutaka baridi na mvua, kama Mufindi na Rungwe. Huko Mulindi, nchini Rwanda, hulimwa bondeni katika udongo kama huu wangu.

Hata maua hutoa habari. Haidrenja, ua la nchi za baridi, huchanua buluu katika udongo mchachu na waridi katika udongo usio mchachu.

Sasa mama amepanda magimbi katika matuta yale, na vitunguu vimerudi kwenye udongo wetu wa zamani. Juzi alipotaka kununua mbegu mpya aliniuliza, “Mwanangu, ile karatasi yenu imesemaje?”

Basi, ndugu wasomaji, nasi tufanye vivyo hivyo: tuupime udongo kwanza, ndipo tununue mbegu.