Umekatika au Kimevunjika? Kutafuta Spea kwa Kiswahili



Somo la wiki hii limetoka chini ya mashine ya kukatia majani, ile unayoipanda na kuiendesha kama gari dogo. Ami yangu anayo moja kwenye shamba lake Barka. Wengi wenu mna jamaa wenye shamba la mapumziko upande ule, basi mnajua majani yanavyoota upesi yakipata maji.

Mwaka huu ami ana mtoto wa jicho. Anangoja operesheni na haoni vizuri. Ijumaa moja yeye alibaki nyumbani Maskati, sisi tukaenda shamba. Mashine ikawaka, ikatembea, lakini haikati. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka 12, akainama akachungulia, kisha akampigia simu: "Babu, ile kitu ya chini imevunjika."

"Kitu gani, mjukuu wangu?"

"Ile ya kuzunguka. Imevunjika."

Chini ya mashine ile vitu vinavyozunguka ni vingi. Babu yake akafahamu ni kisu, akaagiza visu viwili kwa riali 14. Wiki iliyofuata fundi alipofungua, akakuta visu vya zamani vizima. Kilichoharibika kilikuwa mkanda.

Fedha hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni kuwa siku ya pili ami alipompigia kijana, alimwambia, "Mpe simu mama yako." Mtoto akasikia, akatoa simu, akaenda zake chumbani.

Kwa hivyo, mwanafunzi, leo tujifunze kumwelezea mtu kitu ambacho hawezi kukiona.

Kwanza: kimeharibika vipi?

Kiswahili hakina neno moja la kuharibika kwa kila kitu. Kitu kigumu, kama kisu au kijiti, kinavunjika. Kitu kirefu cha kuvutwa, kama kamba au mkanda, kinakatika. Nguo na karatasi zinachanika. Mpira wa gari unapasuka. Bati linabonyea, au likila kutu linatoboka. Chuma kinapinda. Nati inalegea. Kinachotakiwa kuzunguka kikikataa, kimekwama.

Kijana wetu angesema "imekatika" badala ya "imevunjika", babu yake angeanza kufikiria mkanda pale pale.

Pili: herufi ya mwanzo inataja kitu

Tazama:

Mkanda *u*mekatika. Mikanda *i*mekatika.
Kisu *ki*mevunjika. Visu *vi*mevunjika.
Bati *li*mebonyea. Mabati *ya*mebonyea.
Puli *i*mekwama. Puli *zi*mekwama.

Sasa funika neno la kwanza kwa kidole. "Umekatika" peke yake haiwezi kuwa kisu. "Kimevunjika" haiwezi kuwa mkanda. Hata ukisahau jina la kitu, ile herufi ya mwanzo inamsaidia anayekusikiliza. Ndiyo maana waalimu tunakusahihisha unaposema "ile kitu". Sema "kile kitu". Hatukusumbui bure.

Tatu: jina halitoshi, taja namba

Hospitali ninakofanya kazi, hatumpi mgonjwa dawa kwa kusikia jina tu. Tunasoma jina na namba kwenye mkanda wa mkononi, kwa sababu wodi moja inaweza kuwa na wagonjwa wawili wa jina moja. Spea ni hivyo hivyo. Mikanda miwili inaweza kufanana machoni, mmoja ukafaa na mwingine ukateleza.

Kwanza tafuta kibandiko cha mashine chenye namba ya modeli. Mara nyingi kiko chini ya kiti. Kipige picha. Namba hiyo ndiyo inayompeleka mwenye duka kwenye spea yenyewe.

Kama kibandiko kimefutika, soma mgongo wa mkanda. Ukiona A83, herufi A ni upana, kiasi cha milimita 13, na 83 ni urefu wa ndani kwa inchi. Ukiona 4L850, upana ni ule ule, lakini urefu umepimwa kwa nje: inchi 85, yaani kiasi cha sentimita 216. Ni saizi moja iliyoandikwa kwa njia mbili! Mkanda wa herufi B ni mpana zaidi, kiasi cha milimita 17, na hautakaa kwenye puli ya A.

Kama maandishi yamefutika pia, unyooshe mkanda uliokatika na upime upande wa nje kwa futi ya fundi cherehani. Kumbuka mkanda mkuukuu umevutika, kwa hivyo kipimo kitazidi kidogo. Mwambie muuzaji kuwa ni wa mashine ya majani. Mkanda huo huregezwa na kukazwa kila unapowasha na kuzima visu, kwa hivyo wa kawaida wa saizi ile ile huenda usidumu.

Kwa kisu, pima kutoka ncha hadi ncha kwa mshazari, kisha tazama tundu la katikati. La duara? Lenye umbo la nyota? Nyota ya pembe ngapi? Tundu likiwa tofauti, kisu hakifungiki hata kama urefu ni sawa.

Nne: uliza kwa nini

Mkanda haukatiki bila sababu. Zungusha kila puli kwa mkono. Ikikwaruza au ikikwama, beringi yake imekufa, na ukifunga mkanda mpya bila kuibadilisha, nao utakatika. Namba ya beringi imechongwa ubavuni. Kwa mfano, 6203 ina tundu la milimita 17, na upana wa duara lake ni milimita 40, uinunue Maskati, Mombasa au Darisalama. Kwa vumbi letu la huku, chagua yenye 2RS mwishoni, maana yake ina mpira wa kuzuia vumbi pande zote mbili.

Neno la muuguzi: hakuna mkono kuingia chini ya mashine mpaka injini imezimwa, ufunguo umetolewa na waya wa plagi umechomolewa. Na watoto hawaingizi mkono hata hapo. Mtoto anatazama na kusema, mtu mzima anafungua.

Wiki iliyofuata nilimwambia kijana ampigie babu yake tena. Fundi alikuwa akizungusha, yeye anasema: "Babu, mkanda umekatika, una A83 mgongoni. Visu vizima. Puli mbili zinazunguka, ya kati inakwama." Upande wa pili kimya kidogo. Halafu: "Ya kati? Basi ndiyo iliyoukata. Soma namba ya beringi, mjukuu wangu."

Siku ya pili tulikwenda Wadi Kabir na mkanda mkuukuu ndani ya mfuko. Tulirudi na mkanda na beringi, na mashine ikakata. Sasa ami akipiga simu, anamuulizia yeye kwanza.

Zoezi la nyumbani

1. Jaza: Kamba ___katika. Kikombe ___vunjika. Mpira ___pasuka. Nati (nyingi) ___legea.
2. Tafuta kitu kibovu nyumbani. Mpigie bibi, babu, ami au shangazi umwelezee bila kupeleka picha: ni kitu gani, kimeharibika vipi, kina namba gani.
3. Wazazi, msimsaidie haraka. Mwacheni atafute neno. Akikosa, mpeni, naye alirudie mara mbili.

Majibu tutasomeana darasani Jumamosi, inshallah.