HiAce ya kulala inayumba: nianzie wapi?

SWALI: Nimeigeuza Toyota HiAce yangu kuwa gari la kulala safarini. Lina kitanda, kabati, betri mbili, na juu ya paa kuna tangi la maji la lita 80. Nyuma limekaa chini, na kwenye kona linalala upande. Fundi anashauri niongeze springi. Nimsikilize?

JIBU: Bado. Kwanza teremsha tangi. Lita 80 za maji ni kilo 80, na zikiwa juu ya paa huvuta gari upande kila unapokata kona. Liweke sakafuni, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, pamoja na betri. Kisha pima gari kwenye mizani likiwa na mzigo wote na abiria, ulinganishe na kikomo cha mtengenezaji. Likizidi, toa vitu. Springi nzito haziongezi uwezo wa breki wala ekseli.

Sasa kagua shokapu na bushi. Shokapu haibebi uzito, kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kunesa. Zikivuja, badilisha zote mbili za ekseli moja. Nyuma ikibaki chini, hapo ndipo napendelea mipira ya upepo ya kusaidia springi, maana unaipunguza upepo gari likiwa tupu. Springi ya ziada hukurusha hata usipokuwa na mzigo.

Tairi ziwe za magari ya mizigo, upepo ufuate uzito uliopima.