Mdogo Wangu, Dozi Haigawanywi

Mdogo wangu wa Butiama, barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna sehemu imeninyima raha. Unasema ulikunywa dawa siku tano, tumbo likatulia, vidonge vilivyobaki ukampa shemeji kwa kuwa naye anasumbuliwa na kiungulia. Najua ulifanya kwa upendo. Lakini hapo hakuna aliyetibiwa, si wewe wala yeye, na sishangai kwamba maumivu yamerudi kukuamsha saa nane za usiku.

Huyo H. pylori uliyeandikiwa kwenye majibu ni bakteria aliyejisokota. Tumboni mna asidi inayoua vijidudu vingi, ila yeye hutengeneza amonia ya kuipunguza makali pale alipo, kisha hujichimbia kwenye ute unaolinda ukuta wa tumbo. Anaweza kukaa humo miaka na miaka. Wengi wanaoishi naye hawaumwi chochote. Baadhi hupata vidonda, na wachache, baada ya miaka mingi, saratani ya tumbo. Karibu nusu ya watu duniani wamekadiriwa kuwa naye, kwa hiyo ondoa aibu.

Jirani anayekukataza maharage na kukwambia yote ni mawazo, msamehe. Madaktari wenyewe waliamini hivyo hadi Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha vingine. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wenye bakteria hao, akaugua tumbo na kutapika. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Pilipili ikikuchoma, iache. Maharage kula. Cha kuogopa zaidi ni zile diklofenaki, aspirini na brufeni tunazonunua mbilimbili baada ya kutwa ya jembe, kwa sababu hizo nazo zinachimba vidonda.

Umeuliza kama ni ugonjwa wa ukoo, maana mama mkwe anao, shemeji anao, nawe unao. Si wa ukoo, ni wa nyumba. Wengi huambukizwa utotoni na watu wanaoishi nao, kwa mate, matapishi, au kinyesi kinachofika mdomoni kupitia mikono na maji. Bibi anatafuna nyama kwanza ndipo amlishe mjukuu. Au lile beseni la kunawia msibani: ugali umeshatengwa, beseni linazunguka, wa kwanza anatumbukiza mikono, wa pili, wa sita, na likimfikia mtoto aliyekaa mwisho maji yamekuwa mazito kama togwa. Kisha mkono huohuo unaingia kwenye sinia la wote. Beseni hilo mimi nalipinga waziwazi, hata mbele ya wakwe. Mtu mmoja ashike birika amimine, sabuni iwepo, basi. Maji ya lambo au kisima yachemsheni. Hata kama bomba la mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama limewafikia, maji yakishakaa kwenye ndoo inayochotwa kwa kikombe cha kila mtu, usalama wake umeshapotea.

Sasa dozi. Kwa kawaida ni omeprazoli pamoja na antibaiotiki mbili, mara nyingi klarithromaisini na amoksilini, au metronidazoli, na siku hizi wengi huandikiwa siku 14. Kama penisilini inakudhuru, sema mapema, maana amoksilini ni ya jamii hiyo. Mdomo utakuwa mchungu, kichefuchefu kitakuja, huenda ukaharisha kidogo. Vumilia, ila ukitokwa na vipele au ukivimba uso, rudi hospitali haraka. Pombe usiguse kabisa ukiwa kwenye metronidazoli. Ukiacha katikati, wanaobaki ni wale bakteria wagumu. Watafiti wa Bugando, Mwanza, wameshakuta H. pylori wengi wasiosikia klarithromaisini. Ndiyo maana sitaki ukimbilie duka la dawa kununua dozi ileile. Rudi kwa daktari, mweleze ulikunywa nini na kwa siku ngapi, pengine atakubadilishia. Shemeji naye akapimwe kwa jina lake. Juisi ya kabichi kunywa ukipenda, lakini usiifanye badala ya dawa.

Kuhusu kupima, omba kipimo cha choo. Cha damu husoma kingamwili, nazo hubaki muda mrefu hata bakteria akiwa ameshakufa. Watu wengi wanameza dozi ya pili na ya tatu kwa sababu ya majibu hayo tu. Ukimaliza dawa, subiri angalau wiki nne ndipo upime tena, na kwa ushauri wa daktari uwe umeacha omeprazoli wiki mbili kabla.

Nimemwacha mama mkwe mwisho, nawe ulimtaja mwisho, kwenye mstari mmoja, kwamba choo chake ni cheusi na kizunguzungu kimemzidi. Hilo nilikupigia simu siku ileile, na hapa nalirudia kwa wasomaji wengine. Vidonge vya kuongeza damu vinaweza kufanya choo kiwe cheusi, lakini kama mtu hanywi hivyo, na choo kinanata na kunuka vibaya, huenda anavuja damu ndani. Vivyo hivyo akitapika damu, au tumbo likikaza ghafla kama ubao. Hapo msingoje dawa ya mtu wala gari la kesho. Mfikisheni hospitali iliyo karibu, na wakisema aende rufaa Kwangwa, Musoma, mpelekeni usiku huohuo, na anayemsindikiza abebe pakiti zote za dawa alizokuwa akinywa.